Sayari zinataka kupimwa, si kukadiriwa tu

Februari 2016, maputo ya hali ya hewa yaliyorushwa karibu na ikweta yalileta vipimo ambavyo hakuna aliyevitarajia. Kilomita zipatazo 23 juu ya ardhi, katikati ya ukanda wa upepo uliokuwa ukivuma kutoka magharibi, palikuwa pamezuka tabaka jembamba la upepo wa kutoka mashariki. Aliye chini hakuhisi lolote. Kwa wanaofuatilia angahewa, hata hivyo, ilikuwa habari nzito, kwa sababu huko juu pepo hizo mbili zilikuwa zimepokezana zamu kwa utaratibu uleule tangu vipimo vya mfululizo vilipoanza mwaka 1953. Wa mashariki ukimaliza zamu yake, wa magharibi unapokea, na mzunguko mzima unachukua takriban miezi 28. Kila zamu huanzia juu sana, zaidi ya kilomita 30, kisha hushuka polepole, kama kilomita moja kwa mwezi. Kwa zaidi ya miaka 60 haikuwahi kuonekana zamu iliyokatizwa katikati. Safari hii ilikatizwa, na hakuna kituo cha utabiri kilicholiona jambo hilo likija.

Naanza na tukio hili kwa sababu ndani yake imo hoja ninayotaka kuitetea. Taaluma inayochunguza mwendo wa vitu vitiririkavyo kwenye sayari, iwe ni hewa, maji ya bahari, chuma kilichoyeyuka ndani ya Dunia au haidrojeni ya Mshtarii, imefika mahali ambapo ni rahisi kuamini kwamba milinganyo ya hisabati inayoeleza mwendo huo tunayo, basi kilichobaki ni kompyuta kubwa zaidi. Mimi naona sivyo. Mara nyingi taaluma hii ilipopiga hatua ya kweli, ilisukumwa na kipimo kilichokwenda kinyume na matarajio. Na kazi ya kupima ndiyo inayotetewa kwa sauti ndogo kuliko zote wakati wa kugawa fedha.

Hizo pepo za ikweta zenyewe zina historia ya kufundisha. Volkano ya Krakatoa ilipolipuka mwaka 1883, vumbi lake lilizunguka Dunia kuelekea magharibi na kurudi lilikoanzia baada ya takriban wiki mbili. Wataalamu wakahitimisha kwamba juu ya ikweta upepo hutoka mashariki. Mwaka 1908 Mjerumani Arthur Berson akarusha maputo Afrika Mashariki, akakuta upepo unatoka magharibi. Nani mkweli? Kwa nusu karne jibu lilikuwa kuchora ramani zinazowaridhisha wote wawili: upepo mmoja ukawekwa juu, mwingine ukatafutiwa nafasi chini yake. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1960, vituo vya ikweta vikiwa vimerusha maputo kwa miaka kadhaa bila kukosa, ndipo watafiti wa Marekani na wa Uingereza, kila upande kivyake, walipogundua kwamba Krakatoa na Berson wote walisema kweli. Walipima zamu tofauti. Hakuna akili, hata iwe kali namna gani, ingeweza kulijua hilo kwa kukaa na milinganyo mezani.

Maelezo ya kinadharia yalikuja baadaye. Mwaka 1968 Richard Lindzen na James Holton walipendekeza kwamba mawimbi yanayopanda kutoka angahewa ya chini hubeba msukumo, kisha huuachia upepo kule yanakofifia. Wimbi linaloelekea mashariki hulisha upepo unaoelekea mashariki, na la magharibi vivyo hivyo, mpaka upepo ulioshiba uzibe njia ya mawimbi yake mwenyewe na kuuachia upepo wa upande wa pili nafasi.

Nadharia nzuri, lakini nani angeiamini bila kuona? Mwaka 1978 Alan Plumb na Angus McEwan walichapisha matokeo ya jaribio ambalo, kwa maoni yangu, ni mojawapo ya majaribio mazuri kuliko yote katika fizikia ya karne iliyopita. Walijaza maji ya chumvi katika mfereji wa duara, chumvi nyingi chini na kidogo juu, ili tabaka za maji zisichanganyike. Sakafu ya mfereji ilikuwa utando wa mpira uliokuwa ukipanda na kushuka mahali pake. Utando huo hausukumi maji upande wowote, unayatikisa tu. Mwanzoni maji hutikisika na kubaki yalipo. Kisha, bila mtu kugusa kitu, yanaanza kuzunguka duara upande mmoja. Mwendo huo unashuka taratibu kuelekea kwenye utando, juu yake unazuka mwendo wa upande wa pili, ule wa kwanza unafifia, na maji yote yanageuka. Halafu yanageuka tena. Mtikisiko usio na upande umezaa mkondo wenye upande, na mkondo umejipangia zamu. Jambo linalotokea kilomita 30 angani kwa miezi 28 lilionekana kwa macho ndani ya chumba cha maabara.

Kisha sayari nyingine zikaingia kwenye mazungumzo. Darubini za mionzi ya joto zilionyesha kwamba juu ya ikweta ya Mshtarii joto hupanda na kushuka kwa zamu ya takriban miaka minne, na kwamba Zohali nayo ina zamu yake, ya takriban miaka 15 ya Dunia. Ni sayari zisizo na ardhi ya kukanyaga wala bahari, lakini mchezo wa mawimbi na upepo ni uleule. Desemba 2010 dhoruba kubwa iliibuka katika nusu ya kaskazini ya Zohali, na chombo cha Cassini kilichokuwa kikiizunguka sayari hiyo kikaona zamu ya ikweta ikivurugika, mbali kabisa na dhoruba yenyewe. Miaka mitano baadaye ya kwetu nayo ikavurugwa na mawimbi yaliyotoka kwenye majira ya baridi ya kaskazini. Ilivurugika tena mwanzoni mwa 2020. Mwenye kuuliza kwa nini tuhangaike na Zohali ilhali Dunia ina matatizo yake, jibu ni hilo. Dunia ni moja. Daktari anayetibu mgonjwa mmoja maisha yake yote hawezi kujua kipi ni ugonjwa na kipi ni maumbile ya mtu yule.

Sasa turudi kwenye milinganyo. Claude-Louis Navier wa Ufaransa aliiandika kwa mara ya kwanza mwaka 1822, na George Gabriel Stokes akaikamilisha mwaka 1845. Gaspard-Gustave Coriolis alikuwa ameshaonyesha mwaka 1835 jinsi mzunguko unavyopindisha mwendo. Kwa hiyo karibu karne mbili tumekuwa na sheria zinazotawala upepo wa sayari zote. Lakini kuwa na mlinganyo si kuwa na jibu. Taasisi ya Hisabati ya Clay iliweka zawadi ya dola milioni 1 mwaka 2000 kwa atakayethibitisha kwamba milinganyo hiyo daima ina jibu lisilovunjika katika nafasi ya pande tatu, yaani urefu, upana na kimo, na zawadi haijachukuliwa.

Kikwazo kwa mtu wa kompyuta ni ukubwa. Kompyuta huigawa angahewa katika vyumba vidogo na kukokotoa hali ya kila chumba, hatua kwa hatua. Ukitaka vyumba viwe nusu ya ukubwa wa awali kwa urefu, upana na kimo, na hatua za muda nazo ziwe nusu ili hesabu isilipuke, kazi inaongezeka mara 16. Msukosuko wa hewa huanzia dhoruba za maelfu ya kilomita na kuishia kwenye vimzunguko vya milimita. Kutoka chumba cha kilomita 10 hadi cha milimita 1, kwa hesabu hiyohiyo, kazi inaongezeka kwa namba 1 inayofuatwa na sifuri 28. Hakuna kompyuta ya namna hiyo, na haiko njiani.

Ndiyo maana kila modeli, yaani programu ya kompyuta inayoiga sayari, hufika mahali ikaacha kukokotoa, ikaanza kukadiria. Mawingu, mawimbi madogo na mchanganyiko wa maji baharini huwakilishwa kwa kanuni za makadirio ambazo mtu amezichagua na kuzirekebisha mpaka matokeo yafanane na kilichopimwa. Si udanganyifu, ni kazi ya uangalifu mkubwa, na nawaheshimu wanaoifanya. Lakini makadirio yaliyorekebishwa kwa vipimo vya jana hayana ahadi yoyote kuhusu hali ambayo haijawahi kupimwa. Kwenye kiini cha Dunia, ambako mwendo wa chuma kilichoyeyuka huzaa sumaku ya sayari, mambo ni magumu zaidi. Mwaka 1995 Gary Glatzmaier na Paul Roberts walipata kwa kompyuta sumaku ya sayari iliyojigeuza yenyewe, kaskazini ikawa kusini, na hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Hata hivyo chuma cha ndani ya modeli za namna hiyo kina mnato mkubwa kuliko chuma cha kweli kwa mamilioni ya mara, kwa sababu cha kweli hakikokotoleki. Tunapata sumaku inayofanana na yetu kutoka kwenye kitu kisichofanana na kiini chetu, na hilo linapaswa kutukosesha usingizi kidogo.

Hatari yenyewe ni hii: modeli inaweza kutoa jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Zuhura ni mfano bora. Sayari hiyo hujizungusha mara moja kwa siku 243 za Dunia, ilhali mawingu yake ya juu huizunguka kwa siku zipatazo nne, kwa kasi ya kama mita 100 kwa sekunde. Nini kinaisukuma hewa iende kasi kuliko sayari yenyewe? Kwa miongo kadhaa modeli ziliweza kutoa upepo wa namna hiyo kwa njia zaidi ya moja, na modeli mbalimbali zilipopewa masharti yaleyale zilitoa pepo zilizotofautiana sana. Hakukuwa na namna ya kuamua kati yao kwa kukokotoa zaidi.

Jibu lilitoka kwa chombo cha Japani kiitwacho Akatsuki. Desemba 2010 injini yake kuu ilishindwa, kikaipita Zuhura na kubaki kikilizunguka Jua. Wahandisi wake hawakukiacha. Miaka mitano baadaye, Desemba 2015, walikiingiza kwenye mzunguko wa Zuhura kwa injini ndogo ambazo hazikukusudiwa kazi hiyo. Picha zake ziliwezesha kufuatilia mawingu kwa uangalifu kiasi kwamba mwaka 2020 watafiti walionyesha kuwa karibu na ikweta mwendo huo unalishwa na mawimbi ya joto la Jua, yale yanayozaliwa upande mmoja wa sayari ukipata joto na mwingine ukipoa. Nampongeza aliyekataa kuufunga mradi ule mwaka 2010.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Mshtarii. Mistari yake tunayoiona kwa darubini ni mikondo ya upepo inayopishana, mmoja mashariki, mwingine magharibi. Swali lililowagawa watafiti tangu miaka ya 1970 lilikuwa rahisi kulisema: mikondo hiyo inashuka hadi wapi? Upande mmoja ulisema ni ngozi ya juu tu, kama hali ya hewa ya Dunia. Upande mwingine, ukiongozwa na mawazo ya Friedrich Busse, ulisema ni sehemu ya nje tu ya mitungi mirefu ya mwendo inayopenya mpaka ndani kabisa ya sayari, sambamba na mhimili wake. Kila upande ulikuwa na modeli iliyotoa mistari. Desemba 7, 1995 kifaa cha chombo cha Galileo kilitumbukia ndani ya Mshtarii, kikapima kwa takriban saa moja kabla hakijanyamazishwa na joto, na kikakuta upepo unaongezeka kadiri kinavyoshuka badala ya kupungua. Lakini kilitumbukia mahali pamoja tu, tena pakavu isivyo kawaida, na kilifika kina kidogo sana kwa sayari yenye nusu kipenyo cha takriban kilomita 70,000.

Chombo cha Juno kilipofika mwaka 2016 hakikuingia ndani. Kilipita karibu, kilomita elfu chache juu ya mawingu, huku antena za Dunia zikipima kasi yake kwa mawimbi ya redio kwa usahihi wa sehemu ndogo ya milimita kwa sekunde. Wazo lake ni la kupendeza. Kama Mshtarii ungekuwa mpira wa gesi unaozunguka wote kwa pamoja, nusu yake ya kaskazini ingevuta sawasawa na ya kusini. Lakini mikondo ya kaskazini na ya kusini haifanani. Ikiwa ina kina, basi inabeba uzito wa kutosha kuuchezea mvutano wa sayari, na chombo kitayumba kidogo kikipita. Kiliyumba. Machi 2018 matokeo yakatangazwa: pepo zinashuka takriban kilomita 3,000, na chini ya hapo sayari inazunguka kama kitu kimoja. Hakuna upande ulioshinda wote. Ni kina kikubwa mno kuitwa ngozi, lakini mitungi haifiki kiini. Mwaka uliofuata vipimo vya mwisho vya Cassini vikaonyesha kwamba kwa Zohali kina ni takriban kilomita 9,000. Maelezo yanayoelekea kukubalika ni kwamba kwenye kina hicho haidrojeni huanza kupitisha umeme, na sumaku ya sayari ikaushika upepo breki. Mshtarii ni mzito zaidi, haidrojeni yake hubanwa mapema, breki iko juu. Mambo mawili yaliyopimwa yameingia kwenye sentensi moja.

Mtu asidhani mshangao wa namna hii uko mbali angani tu. Bahari ya Atlantiki hupeleka maji ya joto kaskazini karibu na uso na kurudisha ya baridi kusini kwenye kina. Kati ya 1957 na 2004 mkondo huo ulipimwa na meli mara tano tu kwenye latitudo ya nyuzi 25 kaskazini. Mwaka 2005 watafiti walioweka vipimo hivyo vitano pamoja waliona dalili kwamba umepungua kwa takriban asilimia 30, na dunia nzima ikashtuka. Wakati huohuo, mradi wa RAPID ulikuwa umeshatandaza vyombo vya kudumu kwenye latitudo ya nyuzi 26.5 tangu 2004. Mwaka wake wa kwanza ulionyesha mkondo ukicheza kati ya mita za ujazo milioni 4 na milioni 35 kwa sekunde. Tofauti zote kati ya meli zile tano zingeweza kuwa tofauti ya msimu tu. Sisemi mkondo haudhoofiki. Wasiwasi huo una msingi na unastahili kuangaliwa kwa makini. Nasema kwamba bila vyombo vinavyokaa majini mwaka baada ya mwaka, hatuna hata haki ya kubishana.

Wapo watakaonijibu kwamba akili bandia imebadilisha yote haya. Ni kweli imebadilisha mengi. Modeli ya GraphCast, iliyotangazwa 2023, hutoa utabiri wa siku 10 kwa chini ya dakika moja, na kwa vipengele vingi iliushinda mfumo bora wa kituo cha Ulaya cha utabiri. Lakini tazama ilifunzwa kwa nini: kumbukumbu za angahewa za 1979 hadi 2017, zilizotengenezwa kwa kuunganisha mabilioni ya vipimo vya setilaiti, maputo, meli na vituo vya ardhini na modeli ya fizikia. Bila vipimo hivyo isingekuwa na cha kujifunza. Zuhura haina kumbukumbu ya miaka 39, na Dunia ya mwaka 2080 bado haina hata siku moja. Ningefurahi kuona wanaoshangilia mafanikio hayo, na yanastahili kushangiliwa, wakishika pia bango la maputo na maboya.

Kwa sababu maboya hayana wa kuyasemea. Katika Pasifiki ya ikweta palijengwa mtandao wa maboya takriban 70, kazi iliyochukua muongo mzima mpaka 1994, ili kuwahi dalili za El Niño. Mwaka 2012 Marekani iliistaafisha meli iliyokuwa ikiyahudumia. Maboya yakaanza kunyamaza moja baada ya jingine, na mwanzoni mwa 2014 mtandao ulikuwa ukileta takriban asilimia 40 tu ya takwimu zake. Hakuna aliyetangaza kuufunga. Uliachwa ufe, na ulinusurika kwa kelele za watafiti. Kompyuta mpya huzinduliwa kwa utepe na hotuba. Boya lisilobadilishwa betri halina sherehe wala mazishi. Anayekata fedha yake haoni hasara siku hiyo, na pengo la miaka miwili kwenye rekodi haliwezi kununuliwa baadaye kwa bei yoyote.

Ndiyo maana naangalia kwa hamu na wasiwasi kinachoendelea kuhusu Uranusi. Chombo kimoja tu kimewahi kuifikia, Voyager 2, Januari 1986, kikapita bila kusimama, na Agosti 1989 kikaipita Neptuni vivyo hivyo. Mwaka 2022 jopo la wanasayansi wa sayari wa Marekani liliweka safari ya kuizunguka Uranusi na kutumbukiza kifaa ndani yake kuwa mradi mkubwa wa kwanza kwa kipaumbele. Nawaunga mkono, na sababu ni ya kifizikia. Neptuni hutoa joto zaidi ya mara mbili ya lile inalolipata kutoka kwa Jua. Uranusi hutoa joto lake la ndani kwa uchache sana, tena imelala ubavu, mhimili wake umeinama nyuzi 98. Pamoja na hayo, pepo za sayari hizo mbili zimepangika kwa namna inayofanana: kwenye ikweta zinavuma kinyume na mzunguko wa sayari, na kwenye latitudo za juu zinaufuata. Kama joto la ndani ndilo linaloendesha upepo, mbona zinafanana? Kama ni Jua, mbona Neptuni, iliyo mbali zaidi, ndiyo yenye pepo kali zaidi?

Vipimo vya mvutano vya Voyager 2 vinatosha kusema tu kwamba pepo hizo hazizidi kina cha takriban kilomita 1,000. Chombo kikizunguka Uranusi kwa karibu, kikapimwa kwa redio kama Juno, kitatoa kina chenyewe, na tutajua kama breki ya sumaku iliyoeleza Mshtarii na Zohali inafanya kazi pia kwenye sayari ambayo ndani yake ni maji, amonia na methani iliyobanwa. Safari yenyewe inachukua zaidi ya miaka 10. Anayetaka jibu hilo katikati ya miaka ya 2040 anapaswa kuidhinisha fedha za ujenzi sasa.